Pointi Ishirini za Murielle

Tumu hakushangaa alipoambiwa kwamba Murielle hajulikani.

Aliyemwambia ni mzee mmoja anayeuza vocha na sigara za mojamoja kwenye ngazi za jengo lile la Bertrams. Alimkagua Tumu kuanzia mtandio mpaka viatu, akatua kwenye mkoba wake wa nyaraka, kisha akatamka kwamba hakuna mtu wa jina hilo hapa na wala hajapata kuwepo. Wakati huohuo, ghorofa ya pili, mwanamke aliinama dirishani akaita kwa heshima ya Wakongo kwa dada mkubwa, "Yaya Tumu, panda tu, mlango uko wazi."

"Ndiye yule?" Tumu akauliza.

"Yule simujui," mzee akajibu, bila kuona haya hata chembe.

Tumu akacheka, akapanda. Ndivyo walivyo watu wa mtaa huu. Mgeni akija kumuulizia mtu kwa jina, basi jengo zima linasahau majina, mpaka mama aliyemzaa huyo mtu. Tumu, mtu wa Tanga aliyekaa Johannesburg miaka mingi kuliko alivyowaahidi nduguze, alikwishazoea. Alikuwa mpelelezi wa kukodiwa na mawakili wa Braamfontein. Wapelelezi wenzake walifuatilia waume wanaotoka nje ya ndoa. Yeye alifuatilia maombi ya vibali yaliyokataliwa. Walimtania sana kwa hilo. Naye huwajibu kwamba mume akipotea atapatikana mwingine, lakini kibali kikipotea, mume, nyumba na kazi vyote vinapanda basi pamoja.

Murielle alimpokea kwa mikono yenye plasta nyeupe kwenye kucha. Alikuwa fundi wa miguu ya bandia, msomi wa kazi hiyo tangu Bukavu, na pembeni ya kochi lake ulisimama mguu mmoja wa mtu, umevalishwa soksi ya kijani.

"Samahani kwa huyo," alisema, akausogeza. "Mwenyewe anakuja kumuchukua saa nane."

Wakaketi. Tumu akatandaza karatasi mezani, na habari yenyewe ilikuwa fupi. Siku hizi anayeomba kibali cha kazi anapimwa kwa pointi: elimu pointi zake, mshahara pointi zake, uzoefu wa kazi, lugha, na kadhalika. Ukifika mia, unapita. Murielle alikuwa ameahidiwa kazi na kliniki moja kubwa, vyeti vyake safi, lakini matokeo yalipotoka alikuwa na themanini. Kwenye uzoefu wa kazi, mahali palipostahili ishirini, paliandikwa sifuri. Rufaa mwisho ni Ijumaa, na leo ni Jumatano. Ijumaa ikipita, kibali chake cha zamani kinakufa, naye arudi Bukavu, ambako kituo alichosomea kimebaki kuta tupu.

Tumu alikuwa na mwiko mmoja katika kazi: usimtafute mchawi kabla hujakagua hesabu. Makarani nao ni binadamu, huchoka, hujumlisha vibaya. Akajumlisha safu nzima kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu. Themanini ileile. Akampigia simu wakili wa Murielle, Samira.

"Nimepata jibu la ofisi sasa hivi," Samira alisema. "Hawakukosea kujumlisha. Walipiga simu kwenye namba ya mwajiri wake wa zamani. Mtu akapokea, akasema hamjui Murielle. Wakapiga mara ya pili, akamkana tena."

"Nani aliyepokea?"

"Hakutaja jina. Tumu, barua za mashahidi wengine hazitasaidia. Wanataka namba ileile iliyo kwenye maombi, na sauti itakayopokea iseme kweli. Nitafutie mwenye sauti hiyo."

Tumu akaiweka simu chini, akamgeukia Murielle aliyekuwa ameshika kikombe bila kunywa.

"Namba hii ni ya nani?"

"Ya Muzee Ezéchiel. Ndiye alikuwa patron wangu. Alikufa mwaka jana."

"Najua alikufa. Simu yake haikufa. Iko kwa nani?"

"Nafikiri kwa Firmin. Ndiye alinunua karakana na mashine zote. Bon, mimi sijaipiga tena ile namba tangu mazishi. Moyo haukubali."

"Na Firmin ni nani kwako?"

Murielle akasita. "Tulifanya kazi meza moja. Hii nafasi ya kliniki, naye aliiomba. Nikaipata mimi."

Haya, Tumu akajisemea. Mwizi amejitaja na anwani yake. Lakini alikuwa mtu wa kumaliza maswali hata pale jibu lilipokwisha kuvaa viatu.

"Na mke wa Mzee?"

"Mama Hénock?" Uso wa Murielle ukalainika papo hapo. "Yaya, yule ndiye mama yangu hapa Joburg. Hii sombe, ninyi mnaita kisamvu, inayonukia jikoni, ni yeye ameileta jana."

"Na huyo Hénock?"

"Yuko Uvira," Murielle alisema haraka, akainuka kufuata sukari. Sukari ilikuwa mezani. Tumu aliliona hilo.

Karakana ilikuwa Troyeville, nyuma ya nyumba kuukuu yenye baraza la mabati. Mwanamume mwenye mabega mapana alikuwa ameinamia meza akisugua mguu kwa msasa.

"Namtafuta Firmin," Tumu alisema.

"Hayuko. Simujui."

Tumu akamtazama kifuani. Aproni yake ilikuwa imetariziwa kwa uzi mwekundu, herufi kubwa: FIRMIN.

Mwanamume naye akajitazama kifuani. "Eish," akasema, akavuta kiti. "Keti, mama."

"Nani alikufundisha kujikana mwenyewe?"

"Muzee Ezéchiel. Ndilo lilikuwa somo la siku ya kwanza, kabla hata ya kushika plasta. Akija mutu na karatasi, hatumujui mutu."

"Hata kwenye simu?"

"Simu ndiyo mbaya zaidi. Mutu wa simu humuoni uso."

"Basi ofisi ilipokupigia kumuulizia Murielle, ukasema humjui."

Firmin akaweka msasa chini. "Nani anasema?"

"Namba ya Mzee ilipokelewa. Aliyepokea alimkana. Murielle kapoteza pointi ishirini, na Ijumaa anapoteza nchi. Na wewe ulitaka kazi yake."

"Niliitaka. Mwezi muzima sikumusalimia, nakubali. Kanisani nilikuwa nahama benchi." Aliuchukua ule mguu, akaugeuza, akamwonyesha ndani ya kikombe chake, pale kigutu cha mtu kinapoingia. Chini kabisa palikuwa na alama iliyokandamizwa: M, na mwaka. "Unaona? Sheria ya Muzee. Fundi anatia alama yake ndani, hatii inje. Inje ni kwa mwenye mguu. Huu aliutengeneza Murielle, una miaka mitano barabarani, mimi nabadilisha mukanda tu. Kusema simujui yeye, ni kusema hii kazi haikufanyika. Mimi nina wivu, mama. Sina wazimu."

"Na simu?"

"Nilinunua mashine. Simu sikununua. Iko na Mama Hénock, anaichaji kila siku, maana wagonjwa wa Muzee bado wanapiga."

Tumu alitoka karakana bila mshukiwa wake, na jua lilikuwa kali. Kwenye kona alinunua chenza kwa mama mmoja, akaketi kwenye ukuta mfupi karibu na robot, ndivyo huku wanavyoita taa za barabarani, akaitoa simu yake. Alitaka kujua jambo moja tu. Akapiga namba ya marehemu, akakaza sauti, akazungumza Kiingereza cha ofisini, kile kikavu kinachoanza na habari za asubuhi zisizo na haja ya jibu. Alimtaja Murielle jina lake lote.

"No," sauti ya mwanamke mtu mzima ikasema. "Hapana mutu kama huyo. Umekosea namba." Simu ikakatwa.

Tumu akala chenza lote, taratibu. Kisha akapiga tena, sasa kwa Kiswahili cha nyumbani.

"Hodi mama, samahani kwa usumbufu. Nina shangazi yangu amekatwa mguu, nimeambiwa hapo kuna mafundi."

"Karibu, mwanangu." Sauti ni ileile, lakini sasa ilikuwa imefungua madirisha. "Pole sana na shangazi. Muzee wetu alitutoka, lakini usihangaike, kuna binti yetu mmoja, Murielle. Ule mutoto mikono yake Mungu aliishika mwenyewe. Nikupe namba yake?"

Tumu aliitazama barabara. Robot iliwaka kijani, ikawaka nyekundu, magari yakasimama, yakaenda. Katika kazi hii alikwishakutana na watu waliomkana mtu kwa chuki, kwa hongo na kwa uoga. Hii ya leo hakuwa na jina lake.

"Nipe, mama," alisema mwishowe. "Na unielekeze kwako."

Chumba cha Mama Hénock kilikuwa Bezuidenhout Valley, uani, kimepakwa rangi ya samawati. Jina lake la ubatizo ni Agnès, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye kicheko cha karibu, ameketi akichambua sombe kwenye sinia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa wa bandia. Kiatu cha mguu huo kilikuwa kimeng'arishwa kuliko kile cha kulia.

"Shikamoo, mama."

"Ninyi Watanzania na shikamoo yenu," akacheka. "Jambo, binti. Keti. Shangazi anaendeleaje?"

"Sina shangazi mgonjwa, mama. Nilikudanganya, unisamehe. Mimi ni mtu wa wakili wa Murielle."

Mikono ikasimama juu ya majani, kisha ikaendelea. "Wakili wake. Basi uko mutu wetu."

"Ni mtu wenu. Mama, kuna watu wa ofisi walipiga kwenye simu ya Mzee wakamuulizia."

"Walipiga," Mama Hénock alisema, na uso wake ukajaa fahari. "Niliwamaliza vizuri. Mara ya kwanza nikasema simujui. Yule kijana ni mubishi, akapiga tena, anasoma jina pole pole kama vile mimi ni kiziwi. Nikamuambia hajakanyaga hapa hata siku moja. Hawatamupata." Akamtazama Tumu, akingoja kupongezwa.

Tumu alikuwa na maswali sita tayari kichwani, yote makali, na hata moja halikufaa. Akaivuta sinia upande wake, akaanza kuchambua sombe na yeye. Akamweleza polepole: kwamba yule kijana hakuwa anamwinda Murielle. Kwamba alikuwa anauliza ili ampe pointi. Kwamba kila "simjui" ilikuwa imechukua kitu mkononi mwa mtoto yule, na Ijumaa ingemchukua yeye mwenyewe.

Mama Hénock alisikiliza mpaka mwisho. Fahari ilimtoka usoni kidogo kidogo, na kilichobaki Tumu hakupenda kukitazama.

"Mimi ndiye?" aliuliza.

"Hukujua, mama."

"Mimi na mudomo wangu."

Ndipo Tumu akauliza lile swali alilolibeba tangu Bertrams. "Mama, Hénock alikwendaje Uvira?"

Mama Hénock alifuta mikono kwenye kitenge chake. "Simu ililia," alisema. "Sauti nzuri, ya heshima, inaniita madame. Inauliza kama Hénock anakaa hapa. Mimi nikafurahi, nikafikiri ni kazi, mutoto alikuwa ameomba kazi kila mahali. Nikasema ndiyo, yuko hapa, amelala, nimuamushe? Wakasema hapana, mama, asante. Asubuhi gari ikakuja. Karatasi zake zilikuwa zimepita tarehe. Sasa ana bibi na watoto kule, ananipigia kila Jumapili, Siku ya Mungu. Hajanilaumu hata siku moja. Muzee ndiye aliweka ile sheria ya karakana, na aliiweka kwa sababu yangu."

"Ofisi itapiga tena Ijumaa asubuhi," Tumu alisema. "Samira atawaomba. Utasema kweli tu, basi."

"Kweli ndiyo ilimuchukua mutoto wangu, binti."

Tumu akachukua fungu jingine la majani. Walichambua sombe yote mpaka ikaisha.

Jioni alimweleza Murielle, akitegemea machozi au hasira. Murielle alimtazama sana, kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, akajifuta kwa kiganja. "Hata mimi nimeshamukana yeye," alisema. "Kwa mutu wa umeme. Nikasema hapa hakai mama yeyote." Akamgeukia Tumu. "Yaya, usimulazimishe. Kama atashindwa, ashindwe. Nitaenda Bukavu, nitaanza tena. Lakini nikimufanya apokee ile simu kwa nguvu, halafu mimi nikae hapa nakula sombe yake, itapita kooni?"

"Hilo ni lake kuamua," Tumu alisema. "Siyo lako wala langu."

Ijumaa asubuhi simu ya Mzee, ndogo ya batani, ilikuwa katikati ya meza ya Mama Hénock, juu ya kitambaa cha kufuma. Murielle aliketi nje, kwenye ngazi ya uani, maana Tumu hakutaka shahidi wake atazamwe machoni na mtu anayempenda. Tumu mwenyewe alikaa pembeni, mikono mapajani. Kumfundisha shahidi maneno ilikuwa haramu, na leo aliionea uchungu haramu hiyo.

Simu ikalia. Mama Hénock aliiangalia. Ikaendelea kulia. Kisha mama akasimama wima, kwa sababu simu ya mumewe hakuwahi kuipokea ameketi, akaibonyeza na kuiweka sikioni. Sauti ya kijana ilisikika chumba kizima, Kiingereza cha taratibu. Anaomba kuthibitisha. Je, anamfahamu mtu huyu? Akalisoma jina.

Mdomo wa Mama Hénock ulifunguka, ukajifunga. Tumu aliona midomo ile ikijiandaa kwa neno lile la zamani, ikaliacha.

"Yes," alisema. "Namujua."

"Vizuri, mama? Alifanya kazi hapo?"

"Bwana, nimesimama juu ya kazi yake."

"Samahani?"

"Mguu." Kiingereza chake kilikuwa kidogo lakini alikisukuma chote mbele. "Mguu wangu wa kushoto sukari ilikula. Huu, Murielle alitengeneza. Hata sasa nasimama na yeye."

Kijana akauliza, kwa sauti iliyopungua uofisi, kama mama anakumbuka alianza kazi mwaka gani.

"Miaka sishiki kwa kichwa. Ngoja." Akageuka. "Binti, chini ya kitanda."

Tumu akapiga magoti, akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitenge. Ulikuwa mguu mwingine, mkuukuu, umechubuka kisigino, wa kwanza kabisa ambao Murielle alimtengenezea na ambao mama hakukubali utupwe. Hakuusoma yeye, alimpa mwenyewe. Mama Hénock akaugeuzia kwenye mwanga, akaingiza uso karibu mzima ndani ya kikombe, akazisoma tarakimu mojamoja kwenye simu: mbili, sufuri, moja, saba. Kisha akaketi, akaufungua na ule aliouvaa, akasoma wa pili. Mwaka jana; na mama mwenyewe akaongeza, mwezi mmoja kabla ya msiba. Tumu alipiga hesabu kichwani. Miaka ya kazi ilizidi iliyohitajika, na kubaki.

Vidole vya kijana vilisikika vikigonga herufi. "Asante, mama," akasema. "Nimeandika imethibitishwa. Zile ishirini zake nazirudisha."

Alikata. Mama Hénock hakuitoa simu sikioni.

"Watakuja?" aliuliza.

"Hawaji, mama."

"Hata kesho asubuhi?"

"Hata kesho."

Mlango ulifunguka, Murielle akaingia. Alipiga magoti mbele ya mama, akauchukua ule mguu uliovuliwa, akaukagua mkanda kwa kidole kama afanyavyo kila siku, kisha akaukaza mahali pake taratibu. Mama Hénock akamshika kichwa kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa anabonyeza namba, ndefu, ya kimataifa, ingawa haikuwa Siku ya Mungu na salio lilikuwa la kubana.

Ililia kwa mbali, ikapokelewa.

"Hénock, mwanangu," alisema. "Hapana, siko mugonjwa. Sikiliza. Leo waliniuliza tena mutu kwenye simu. Nikasema ndiyo." Akamtazama Murielle aliyekuwa bado chini pale, paji la uso limeegemea goti lake. "Na bado yuko hapa."